Ukija Salamanca, Uje na Lugha, Usije na Deni

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Malindi. Mpwa wangu wa Barani, hapohapo Malindi, amepata barua kutoka shule moja ya Kihispania hapa Salamanca, Uhispania. Shule inamtaka awe msaidizi wa makazi ya wanafunzi na shughuli za jioni. Kaka yangu, babake, ananiuliza kama mtoto atakuwa salama na kama pesa yenyewe ipo. Mwenyewe ananiuliza ajiandae vipi. Na vijana wawili watatu wa hoteli za Casuarina wameshasikia, nao wanataka kujua kama kuna nafasi nyingine. Kazi anayoitiwa ndiyo niifanyayo mimi, katika shule nyingine ya mji huuhuu, kwa hivyo nitawajibu wote pamoja, na sitayaruka yale ambayo sisi tulio nje hupenda kuyaruka tukipiga simu nyumbani.

Jibu langu ni hili. Aje. Lakini asipande ndege kabla Kihispania chake hakijafika kiwango cha kati, na asije kwa pesa ya kukopa. Hayo mawili yakitimia, mengine yote yanavumilika. Likikosekana moja atateseka, na walioteseka nimewaona kwa macho yangu.

Kwanza mjue shule hizi ni za namna gani. Salamanca ni mji wa chuo kikuu tangu 1218, na chuo hicho kimekuwa kikiwafundisha wageni Kihispania tangu 1929. Hapa ndipo alipofundisha Nebrija, aliyetoa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kihispania mwaka 1492, miaka sita tu kabla Vasco da Gama hajatia nanga kwetu Malindi. Kwa hivyo lugha ndiyo biashara ya mji, kama utalii ulivyo kwetu. Watu hutoka Marekani, Ujerumani, Japani, Brazili na kwingineko, wakalipa ili wazamishwe katika Kihispania. Darasani wanakaa asubuhi, mara nyingi saa tatu hadi saa saba mchana, ndiyo zile saa 20 kwa wiki zinazoandikwa kwenye matangazo ya shule. Lakini wakitoka darasani lugha haibadiliki. Mezani ni Kihispania. Kwenye basi la kwenda Segovia au Ávila ni Kihispania. Nyumbani kwa familia wanazopangiwa ni Kihispania, na familia nyingi hazijui lugha nyingine. Mwalimu anakaa nao saa nne kwa siku. Saa zilizobaki ni zetu sisi wa makazi, na sisi tumekatazwa kuwajibu kwa Kiingereza.

Hapo ndipo watu wengi wanapoielewa kazi hii vibaya. Wanadhani kwa kuwa shule ni ya kufundisha lugha, mfanyakazi naye atajifunza palepale, polepole, pamoja na wanafunzi. La. Mwanafunzi amelipa ili akusikilize wewe. Akikuuliza ufunguo wa bafu uko wapi, jibu lako ni sehemu ya somo alilolinunua. Ukimjibu kwa sentensi iliyovunjika atakushtaki ofisini, na haki anayo.

Nitawapa mfano mmoja. Julai moja tulipokea kijana wa miaka 16 kutoka Ireland, mara yake ya kwanza kusafiri bila wazazi. Jumapili jioni alikaa mbele ya sahani ya dengu bila kuigusa, akanisemesha Kiingereza kwa sauti ya chini. Nilimjibu kwa Kihispania, taratibu, nikimshikia kijiko, nikimwonyesha mkate, nikimtajia kila kitu jina lake. Ndivyo kazi ilivyo, na baada ya siku mbili alikuwa anaomba maji mwenyewe. Usiku mmoja akanigongea mlango, amejikunja, mkono ameubana tumboni upande wa kulia chini. Pale nilizungumza naye Kiingereza mara moja, sikungoja ruhusa ya mtu. Kisha nikapiga 112. Anayepokea simu hiyo anakuuliza kwa haraka: mtaa gani, nambari gani, mlango upi, umri wake, homa imefika ngapi, ametapika, ana dawa anayodhurika nayo, mzazi wake anapatikana vipi. Yote kwa Kihispania, kwenye simu, huoni uso wa mtu, saa nane za usiku. Kijana alifanyiwa upasuaji usiku uleule na akapona, alhamdulillahi.

Kwa hivyo nikisema kiwango cha kati sisemi kwa ajili ya cheti. Nasema kwa ajili ya simu ile. Na kuhusu ile sheria ya kutotumia lugha nyingine, wapo wakuu wa shule wanaoishikilia hata mtoto akilia. Mimi naona ina mipaka yake: ugonjwa, hofu, na mambo ya pasipoti au pesa. Kwenye matatu hayo mwanafunzi asemeshwe kwa lugha anayoielewa, na nimemwambia hivyo mkuu wangu usoni pake.

Sasa, mwanangu, nikuambie unavyoweza kufika kiwango hicho ukiwa hapohapo Malindi. Una bahati mbili. Ya kwanza ni Kitaliano chako. Wataliano wako kwetu tangu enzi za kituo cha kurushia roketi cha San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960, na wewe umekisema mapokezi ya hoteli kila siku. Utaona nusu ya Kihispania unakielewa kabla hujakisoma. Jihadhari tu, maana lugha hizi mbili zinafanana na kudanganyana: Mtaliano akisema salire anapanda juu, Mhispania akisema salir anatoka nje. Ukiwaelekeza wanafunzi wakati wa kengele ya moto, tofauti hiyo si ndogo. Tenga miezi ya mwanzo kukitoa Kitaliano kwenye Kihispania chako, hasa vitenzi.

Bahati ya pili ni kinywa chako cha pwani. Kihispania kina vokali tano zilezile zetu, na husomwa kama kilivyoandikwa. Ile z ya Uhispania ni th ya thelathini. Ile j ni kh ya Khamisi. Ile ñ ni ny ya nyumba. Nimewaona Wamarekani wakihangaika miezi na sauti ambazo sisi tumekuwa nazo tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Kitakachokusumbua ni r nzito ya kuviringisha na vitenzi vyenye sura nyingi mno. Hivyo havina njia ya mkato, vinataka kuandikwa na kusemwa kila siku.

Sikiliza redio ya taifa ya Uhispania kwenye simu, ni bure, tena usisikilize muziki, sikiliza taarifa ya habari. Soma kwa sauti mpaka jirani achoke. Jifunze namba mpaka uweze kuandika nambari ya simu unayotajiwa mara moja tu. Jifunze maneno ya chumbani, ya jikoni, ya mwilini na ya maradhi kabla ya maneno ya mashairi. Na ujizoeze kueleza jambo kwa maneno mepesi, maana kazi yako itakuwa hiyo: kumfahamisha asiyejua, kwa lugha ileile asiyoijua, bila kumdharau. Kaa na nyanyako umweleze namna simu ya kisasa inavyofanya kazi. Ukimfahamisha yeye, utaiweza hii.

Mitihani iko miwili inayotambuliwa. DELE ya Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Uhispania inayoeneza Kihispania, ina ngazi kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya juu kabisa, na cheti chake hakimaliziki muda. SIELE hufanywa kwenye kompyuta, majibu hutoka ndani ya wiki tatu, ila cheti chake kina uhai wa miaka mitano. Mimi ningekuambia ufanye DELE ya B1, ndicho kile kiwango cha kati, kisha uendelee kusoma kuelekea B2 ukisubiri viza. Barua yako inaandika kwamba lugha "itafundishwa kazini". Usiikubali ahadi hiyo.

Tuje kwenye makaratasi. Kaka, hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoliwa. Kwa kazi ya mkataba, mwajiri ndiye anayeanza. Yeye huomba ruhusa ya kazi huku Uhispania, kwa jina la mtoto, na ruhusa ikishatoka ndipo mtoto aende ubalozi wa Uhispania Nairobi kuomba viza, naye ana mwezi mmoja tu wa kufanya hivyo. Mtu yeyote wa Malindi au Mombasa anayekuambia umpe pesa ili "akutengenezee ruhusa" hana mamlaka hayo. Kama kuna wakala katikati, tazama kama amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Asipokuwemo, mrudishie karatasi zake.

Mtoto atahitaji cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, cheti cha daktari, vyeti vya shule, na vyote vithibitishwe na kufasiriwa kwa Kihispania na mfasiri anayekubaliwa na ubalozi. Kwa kuwa atakaa na watoto walio chini ya miaka 18, sheria ya Uhispania ya 2015 inadai pia cheti kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa makosa ya kijinsia, na mgeni lazima alete uthibitisho wa kwao. Anzeni mapema, cheti kimoja kikichelewa kingine kinapitwa na muda.

Kisha kuna jambo la majina, ambalo hakuna anayelitaja mpaka lishakukwamisha. Mhispania ana jina lake na majina mawili ya ukoo, la babake na la mamake. Fomu zote zina visanduku hivyo vitatu. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na mara nyingine la ukoo limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa halimo kwenye pasipoti. Niliketi mbele ya karani mmoja mwenye pasipoti yangu mkono huu na cheti changu cha shule mkono ule, akayasoma majina kwa kidole, akafika kwenye jina la babu, akasimama. Kwake yeye walikuwa watu wawili. Kwa hivyo, mwanangu, panga karatasi zako zote mezani leo. Majina yawe yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa herufi zilezile. Kama jina Mwanaisha limeandikwa kwa namna mbili, rekebisha ukiwa Kenya, kwa kiapo cha wakili au kwa msajili. Ukishafika huku kila marekebisho ni miezi.

Ukifika utajiandikisha manispaa kwamba unaishi hapa, ndiyo wanaita empadronamiento, na bila hiyo hupati karibu chochote. Kisha utaomba kadi ya mgeni, TIE, yenye alama za vidole. Muda wa kuiomba ni mwezi mmoja, na mwajiri awe ameshakusajili kwenye hifadhi ya jamii. Usingoje mtu akukumbushe.

Sasa pesa. Kima cha chini cha mshahara Uhispania kwa mwaka 2025 kiliwekwa euro 1,184 kwa mwezi kwa kazi ya muda kamili, nacho hulipwa mara 14 kwa mwaka, kwani kuna nyongeza mbili, ya kiangazi na ya Desemba. Shule nyingi za namna hii hulipa hapo au juu kidogo. Najua nyumbani mtazidisha kwa shilingi 150 mpate laki moja na sabini na kitu, na mtasema mtoto ametajirika. Nawaomba msizidishe. Hifadhi ya jamii ikishakatwa, mkononi inakuja kama euro 1,100. Chumba katika nyumba ya kushirikiana na watu wengine mimi nalipa 300, na majira ya baridi joto la nyumba linalipiwa juu yake. Chakula kwa mtu anayepika mwenyewe ni 200 hivi. Kuna simu, basi, dawa, koti. Mwezi mzuri, bila dharura, naweza kutuma nyumbani euro 200 na kuweka akiba nyingine kama hiyo. Mwezi mbaya situmi kitu, na mwezi huo simu zenu ni nzito kupokea kuliko mnavyodhani.

Hayo ni kwa muda kamili. Soma mkataba kama umeandikwa saa 40 au saa 20 kwa wiki, maana wa saa 20 unalipwa nusu, na nusu haimtoshi mtu kula na kulala. Soma pia kama ni ule wanaouita fijo discontinuo, yaani mkataba wa kudumu lakini wa msimu: wanakuita Juni, mnafanya kazi mpaka Agosti wanafunzi wakijaa, kisha unakaa bila mshahara mpaka uitwe tena. Ni mkataba halali na una haki zake. Lakini posho ya kukosa kazi huipati mpaka uwe umechangia siku 360 ndani ya miaka sita, kwa hivyo msimu wa kwanza ukiisha huna pa kushika. Mwaka wa kwanza ndio hatari.

Na jambo ambalo barua ya mpwa wangu haikuliweka wazi: wanasema atapewa chumba na chakula. Vizuri. Ila sheria ya kazi ya hapa inasema vitu kama chumba na chakula haviwezi kuzidi asilimia 30 ya mshahara, na pesa taslimu haiwezi kushuka chini ya ule mshahara wa kima cha chini. Shule ikimwambia kwamba kitanda na sahani ndio malipo, na juu yake atapewa "kitu kidogo cha mfukoni", hiyo si ajira, na viza ya kazi haitoki kwa karatasi ya namna hiyo. Kuna wasichana wawili niliowakuta hapa wakilipwa hivyo. Waliamka na wanafunzi, wakalala baada ya wanafunzi, bila siku ya kupumzika. Sheria inatoa siku moja na nusu ya mapumziko kwa wiki, saa 12 kati ya zamu na zamu, na siku 30 za likizo kwa mwaka. Wao hawakuyajua hayo, na hawakuwa na lugha ya kuyauliza. Mmoja alikuwa na deni la chama nyumbani kwao, akaogopa hata kulalamika. Ndiyo maana narudia lugha na deni pamoja. Mwenye lugha na asiye na deni anaweza kusema "sikubali" na kuondoka.

Nyinyi vijana wa Casuarina, nafasi kama hii ya mpwa wangu ni chache. Mwajiri anayetaka kumleta mtu kutoka nje kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kwamba amekosa mtu hapa, na hapa wapo wengi wa kutoka Colombia na Peru ambao Kihispania ni lugha yao. Wengi huja kwa viza ya masomo. Njia hiyo ipo, lakini ubalozi unataka uonyeshe euro 600 kwa kila mwezi utakaokaa. Miezi tisa ni 5,400, zaidi ya laki nane za Kenya, kabla hujalipa karo wala tiketi. Mwaka 2022 sheria iliwafungulia wanafunzi kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki, kisha kanuni mpya zilizoanza Mei 2025 zikabadilisha mambo tena, na wanaosoma lugha tu wanaangaliwa kwa masharti yao. Msimsikilize aliyepita zamani, hata mimi. Someni masharti ya ubalozi ya mwezi mnaoomba, na hakikisheni shule imeidhinishwa na Instituto Cervantes. Lakini kuuza shamba la minazi la familia ili upate hizo laki nane, hapana. Nimekaa na mtu aliyeuza. Kila euro aliyoipata aliihesabu kwa minazi, na hakuwahi kulala vizuri.

Kuhusu dini, kaka, najua ndilo swali ulilotaka kuliuliza kwanza ukaona haya. Inawezekana kuishi hapa kwa heshima. Nyama ya nguruwe iko kila mahali, mpaka ndani ya dengu na maharage wanaweka soseji yake, kwa hivyo sentensi ya kuuliza kama chakula kina nguruwe aijue kabla ya salamu. Samaki wapo wa kutosha, na kile chakula chao cha mayai na viazi, tortilla, ndicho kimenilea miaka ya mwanzo. Nyama ya halali inauzwa na Wamoroko. Kwa Ijumaa, kuna makubaliano ya serikali na Waislamu ya mwaka 1992 yanayomruhusu mfanyakazi kuomba kutoka saa saba na nusu hadi saa kumi na nusu, na katika Ramadhani kuondoka saa moja kabla ya magharibi, mradi akubaliane na mwajiri na saa azirudishe. Yeye mwenyewe aombe, tena kwa maandishi, wiki ya kwanza. Buibui hatalivaa kazini, lakini hijabu hakuna sheria ya nchi inayomkataza. Aiulize shule sasa, kabla ya kutia sahihi, wajibu kwa barua.

Adabu za hapa zitamshtua. Mkuu wa shule huitwa kwa jina lake tu, na mwanafunzi wa miaka 15 atamwita hivyohivyo. Hakuna shikamoo. Si dharau, ndivyo walivyo, na baada ya muda unazoea kutamka jina la mzee wa miaka 70 bila kujihisi umekosa malezi. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, cha usiku ni saa tatu au nne, na mwezi wa Juni jua linakuchwa karibu saa nne usiku. Baridi ni kali, mji uko kama mita 800 juu ya bahari na usiku wa Januari maji yanaganda. Asinunue makoti Malindi, huku ni rahisi zaidi. Alete leso, viungo na dawa zake.

Usalama: usiku watu wako barabarani, wanafunzi, wazee, wanawake na watoto, na mimi hutembea saa sita usiku kutoka kazini bila woga. Hatari iliyopo ni ya aina nyingine. Utapiga simu kuulizia chumba, wakisikia lafudhi chumba kimeshachukuliwa. Polisi watakuomba kitambulisho wewe katika kundi la watu kumi. Inauma, na haizoeleki. Kama mtu wa kazini atamkosea heshima, kuna ukaguzi wa kazi wa serikali anaoweza kuushtakia, na kwa mwanamke anayedhulumiwa na mwenziwe kuna nambari 016, bure, saa zote. Aziandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Na kuna hili ambalo halina maandalizi, lakini mlijue. Maziko yetu hayangoji ndege. Ami yetu alifariki alfajiri, akazikwa baada ya swala ya alasiri. Mimi nilikuwa zamu. Nilisimama kwenye chumba cha kufulia, mashine mbili zinazunguka shuka za wanafunzi, simu sikioni, nikiisikiliza talkini kutoka makaburini na upepo ukiichukua nusu. Kisha nikatoka kwenda kugawa chakula cha jioni. Kaka, ukimruhusu mtoto kuja, muagane mkijua hivyo. Nyanyake ni mzee. Mkae naye, azungumze na mjukuu wake kama anayeaga, na wala msione ni uchuro.

Mwanangu, wewe una moyo wa kazi hii, nilikuona ukiwahudumia wageni wa hoteli waliokuwa wamechoka na wenye hasira, nawe hukuinua sauti. Hapa patakufaa. Omba shule wakusubirishe mpaka msimu wa Septemba au Januari badala ya Juni, waandikie wewe mwenyewe kwa Kihispania, na namna watakavyokujibu itakuonyesha mengi. Kisha nitumie picha za mkataba, kurasa zote, hasa ule wenye saa za kazi, mshahara na muda wa mkataba. Nitausoma na mwenzangu anayejua sheria za kazi. Usitie sahihi mpaka nikupigie.